Kundi: JUBILEI YA BABA NA MAMA 🎉

Happy 19:02
Jamani habari za jioni. Naona tiki za bluu tu. Wimbo wa watoto kwa wazazi lazima ujulikane leo, MC anauliza. Mimi nimeshachagua: Wedding Bell Blues ya The 5th Dimension, lile kundi la Marekani. Baba anaipenda na ina kengele za harusi.

Happy 19:31
Kimya maana yake mmekubali.

Neema 19:40
Dada, maneno umeyasikiliza? Yule dada analia Bill hataki kumuoa.

Junior 19:40
Mama atauliza kwani hakuolewa 😂😂

Happy 19:42
Si alimuoa mwishowe?

Neema 19:45
Waimbaji wa kundi hilo, Marilyn McCoo na Billy Davis Jr., walifunga ndoa Julai 1969, Novemba wimbo ukashika namba moja Marekani. Lakini aliyeutunga ni Laura Nyro, wala hakuwa anaongelea ndoa yao. Mbele ya mchungaji tutasimama kuomba kuolewa?

Happy 19:46
Basi One Less Bell to Answer.

Neema 19:46
Hiyo mume ameshaondoka.

Junior 19:47
🤣🤣🤣 Dada Happy akiona bell tu anabeba. Tuimbe ile ya puto, Up, Up and Away. Tukodi puto la Serengeti tumpandishe mzee

Baba Mdogo 19:52
Kaka yangu hata lifti anapanda amefumba macho.

Junior 19:52
Atapanda na kitabu cha nyimbo kifuani 😂

Mama Ivan 19:53
Nilituma elfu hamsini, mbona jina langu halipo?

Happy 19:54
Mama Ivan nitaangalia. JAMANI WIMBO.

Neema 20:03
Mimi nasema Aquarius/Let the Sunshine In, ya kundi hilohilo. Ni nyimbo mbili kutoka Hair, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo, mtayarishaji wao Bones Howe akaziunga, zikakaa namba moja wiki 6 mwaka 1969. Nusu ya kwanza imetulia, sauti zimebanana. Nusu ya pili ni kama kwaya yetu ikishapata moto: wenzake wanarudia kiitikio kilekile, Billy anapanda juu yao anaita. Hapo hata asiyejua nota anaingia.

Happy 20:05
Mazoezi? Deo yuko Mwanza.

Neema 20:07
Wenyewe vyombo vilirekodiwa Los Angeles, sauti wakaziweka Las Vegas maana walikuwa na kazi huko. Tutafute ala tupu, Kaka Deo ajifunze sauti yake hukohuko. Tatizo besi.

Baba Mdogo 20:08
Besi nipo.

Neema 20:09
Baba Mdogo, shikamoo, ila ukishika besi wimbo unasinzia 🙈

Mama Ivan 20:14
Kwa nini tusichukue ile ya Marilyn na mumewe wawili tu, walipokwisha toka kwenye kundi? You Don't Have to Be a Star. Ndiyo inafaa wanandoa.

Baba Mdogo 20:20
Hiyo kaka hakuwa nayo. Santuri zake alikuwa akinunua Nairobi. Ile imeshika namba moja Januari 1977, mwezi uliofuata mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa.

Junior 20:21
Tuazime santuri yake ya Aquarius basi, tusikie sauti zilivyopangwa. Kwenye simu besi haisikiki

Mama Ivan 20:22
Santuri ipi? Muulizeni Deo.

Happy 20:22
Tusianze.

Mama Ivan 20:24
Sianzi. Ilipelekwa na gramafoni yake kwa fundi Kariakoo ili ipigwe kwenye send-off ya Neema. Fundi akahama, na gramafoni ikahama. Mzee hajawahi kuuliza, ila mimi nilimwona akipanga yale makava matupu.

Junior 20:25
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi 21:10
Wanangu. Nimesoma yote. Kaka yangu aliuza debe mbili za kahawa akanunua santuri ile, na baba yetu alimchapa kwa ajili hiyo, mtu mzima ana ndevu. Imbeni mnachotaka. Lakini hamtasimama kumwimbia wimbo ule akiwa ameshika kava tupu. Deo, mwanangu, nasubiri neno lako. Usiku mwema.

Neema 21:12
Shikamoo Shangazi. Tumesikia.

Happy 21:13
Tumekusikia Shangazi.

JUMATANO

Deo 06:48
Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nje ya mtandao. Shangazi nimekuelewa, nitakupigia.

Happy 06:50
Deo, sauti ya tatu unaweza? Na santuri?

Deo 06:58
Sauti ya tatu naweza.

Junior 07:15
Mitandaoni wanaziuza zilizotumika, ila kuifikisha hapa 🥵 Tuchange?

Mama Ivan 07:16
Kwanza elfu hamsini yangu ionekane.

Happy 07:20
Sawa. Wimbo ni Aquarius. Mazoezi Jumamosi saa kumi kwa Neema. Spika analeta nani?

Neema 09:37
Sijasema ni kwangu.