Wapenda anime wa Arusha, mtu asiniambie tena "vumilia, inakolea mbele"

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una hasira, asiyependa ugomvi apite zake.

Wiki tatu grupu letu la WhatsApp la hapa mjini halilali, ni anime (katuni ya Kijapani) ya Solo Leveling asubuhi, Solo Leveling jioni. Klipu yenyewe ileile: Jinwoo, shujaa wake, kanyoosha mkono, yule askari wa kivuli anainuka, muziki wa mtunzi Sawano unapigwa hadi spika ya simu inakoroma. Nikasema hii nisipoiona nimepitwa. Nikashuka Mbauda kwa kijana anayewekea watu muvi kwenye flashi, buku mbili yangu ikaenda, nikabeba sizoni zote mbili, episodi 25. Baridi ya Julai ya huku mnaijua. Blanketi, chai ya tangawizi, laptopu mapajani imechemka kama pasi. Saa kumi alfajiri nipo macho.

Sasa tuseme ukweli. Mapigano matamu, sibishi, A-1 Pictures, studio walioichora, wamefanya kazi. Na pale mwanzo, jamaa akiwa mwindaji wa mazimwi aliye dhaifu kuliko wote, ndani ya lile hekalu wenzake wanakatwa vipande, niliogopa naye kabisa. Halafu anapata nguvu. Anaongeza nguvu. Anaongeza tena. Wengine wote kazi yao imebaki kusimama pembeni na kutoa macho. Anitajie mtu majina matano ya wahusika wengine bila kugusa simu, mishkaki kumi juu yangu.

Nikaandika grupuni kwa adabu: "Jamani, mbona mimi naiona ya kawaida?" Weee! Mmoja kanirudisha kwa Tom na Jerry. Mwingine kanitupia tuzo, eti mwaka 2025 ilibeba Anime ya Mwaka kule Crunchyroll, mtandao wa kuonyesha anime, ikaziacha Frieren na Dan Da Dan, sasa mimi nani. Kwani kura za mashabiki hazimo mle? Mkipiga kelele wote halafu mkapiga kura wote, ikishinda mnashangaa nini?

Admini ndiye aliyenimaliza. Kaniambia sijaielewa. Nikamuuliza, haya wewe uliyeelewa, mfalme wa wale siafu kule kisiwa cha Jeju aliishia wapi? Kimya. "Anaandika..." ikatokea, ikapotea, ikatokea. Mwisho: "Mimi huwa naangalia klipu tu bro, muda wa kukaa na episodi zote sina." Dakika hiyohiyo kaniondoa.

Yaani wiki tatu nahubiriwa na mtu ambaye hajaiona!

Na si hii tu. Demon Slayer ilipotoka 2019, studio ya ufotable walichora ile episodi ya 19, pambano la Tanjiro na Rui, mpaka asiyejua anime akaituma. Haki yake, ile ni kali. Ila tangu hapo ukisema mwanzo unaburuta, jibu ni moja: vumilia hadi ya 19. Dakika 24 mara 18 ni saa saba na ushee. Muda huo mimi naenda Moshi na kurudi, na mkungu wa ndizi naushusha nyumbani.

Halafu kuna wale wa MyAnimeList, tovuti ya kuzipa anime alama, episodi ya kwanza haijaisha keshaipa 10, kisha anakwenda kuipa 1 iliyo juu yake ili ishuke. Fullmetal Alchemist: Brotherhood imekula hizo 1 miaka na miaka, kosa lake lilikuwa kukaa kileleni. Huo ni ushabiki wa Simba na Yanga, umehamia kwenye katuni.

Kesho nafuta flashi. Mwenye Frieren sizoni ya kwanza yote, episodi 28, ajitokeze, hata akiwa Usa River namfuata. Ila asinisifie kwanza. Anipe tu, anyamaze.