Safari ya Kannur, India: gumzo la ukoo

Mwanaidi: Shikamoo mjomba Salim. Tukishuka stesheni Kannur, kwenye ngome ya St. Angelo tunafikaje?

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Kwenye tiketi tafuta herufi CAN, za jina la zamani Cannanore. Nje chukua tuktuk, ni kama kilomita tatu tu. Mwambie dereva "Kotta", ndiyo ngome kwa Kimalayalam. Ukisema St. Angelo huenda akakushusha kanisani 😄

Hamisi: Ile sehemu ni ya jeshi. Njiani simu mfukoni, msipige picha kambi wala askari.

Mwanaidi: Sawa. Bibi anakuja na kandambili zake.

Shangazi Rukia: Kandambili hapana! Mawe yale yana vijitundu vingi, hayako sawa. Na mvua za Juni hadi Septemba zikipiga, yanashika ukungu wa kijani, yanateleza kama sabuni.

Mwanaidi: Kwani si matumbawe kama Fort Jesus?

Hamisi: La. Ni lateraiti, jiwe jekundu lenye chuma. Likichimbuliwa ni laini, unalikata kwa shoka kama tofali. Likikaa juani na hewani ndipo linakakamaa.

Mwanaidi: Na waliojenga ni Wareno walewale?

Mjomba Salim: Walewale hasa! Francisco de Almeida. Julai 1505 aliiteka Kilwa, Agosti akaichoma Mombasa yetu, akavuka, na Oktoba mwaka huohuo akaanza ngome ya Kannur. Fort Jesus ni ya 1593, mdogo wake huyo. Ile ya Kannur Waholanzi wakaichukua 1663, 1772 wakamuuzia Ali Raja, mtawala wa ukoo wa Arakkal wa hapo Kannur, 1790 ikawa ya Waingereza.

Shangazi Rukia: Ina pembe tatu. Tazameni handaki: liko upande wa bara tu, kwingine bahari yenyewe ndiyo mlinzi. Na msilipite mbio jiwe la kaburi la Susanna Weyerman, mke wa kamanda wa Kiholanzi. 1745, miaka 17 tu.

Mwanaidi: Masikini. Twende saa ngapi?

Shangazi Rukia: Asubuhi mapema. Juu ya ukuta hakuna kivuli, adhuhuri bibi hataweza. Ukiwa juu unaona mashua za wavuvi pale Mappila Bay. Mkitoka, pitieni nyumba ya Arakkal, Ayikkara, si mbali.

Hamisi: Kadi ya homa ya manjano msisahau. Chanjo iwe imetimiza siku 10, la sivyo mnaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Mwanaidi: Ya bibi ipo. Zimebaki raba.

Mjomba Salim: Namba yake ngapi? Kesho napita soko la Kongowea.