Mrejesho: Jarida letu na Open Journal Systems

Habari wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza tufanyeje: jarida letu la isimu lina wahariri watatu wa kujitolea, na makala zilikuwa zinapotea kwenye baruapepe. Mhakiki mmoja alisahihisha wiki mbili faili liitwalo "makala_mwisho_kabisa2", kumbe mwandishi ameshatuma la tatu. Niliumia sana.

Wengi mlinishauri Open Journal Systems, programu huria ya kuendesha majarida ya kitaaluma, ya mradi aliouanzisha John Willinsky huko Kanada mwaka 1998. Tumeiweka. Sasa kila toleo la makala lina tarehe yake na mhakiki anakumbushwa bila mimi kumpigia simu. Mwanzoni vikumbusho viliangukia kwenye barua taka, mpaka fundi wa seva aliporekebisha rekodi ya SPF (inayoonyesha seva zinazoruhusiwa kutuma baruapepe kwa jina la tovuti yetu). Anzeni na hilo.

Jambo lililonishtua ni usiri wa uhakiki, yaani mhakiki asijue nani kaandika. Programu inaficha jina la mwandishi kwenye ukurasa, lakini nilipofungua sifa za faili la Word, jina lake lilikuwa pale pale! Siku hizi nalifuta kwa mkono kabla ya kutuma. Tafadhali kagueni yenu leo.

Kuhusu DOI (namba ya kudumu ya kutambulisha makala mtandaoni), aliyeniambia niangalie Crossref, shirika linalosajili namba hizo, Mungu akubariki. Tangu Januari 2023 wamefuta ada kwa nchi kadhaa za kipato cha chini, Tanzania ikiwemo. Fomu tumejaza, tunasubiri majibu.