Utando mweupe juu ya lenzi ya jicho hutoka wapi?

Binti wa Shela:
Assalamu alaikum. Ami yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa nahodha wa jahazi hapa Lamu, alipelekwa kupimwa macho tukidhani ana mtoto wa jicho tu. Daktari alipomtia matone ya kupanua mboni, aliona juu ya lenzi ya jicho la kulia utando mweupe mfano wa mba, akautaja kuwa ni sindromu ya eksifolieshini, wala hakufafanua. Nyumbani wanashikilia kuwa ni chumvi ya bahari iliyoganda. Je, ni kweli?

Mpwani wa Malindi:
Wa alaikumu ssalaam, dada. Chumvi haifiki huko, kwa kuwa lenzi imekaa nyuma ya konea (utando angavu wa mbele ya jicho). Utando huo hutengenezwa na jicho lenyewe. Seli za lenzi, za irisi (ile sehemu yenye rangi) na za tishu inayotoa maji ya ndani ya jicho (si machozi) hutoa protini za nyuzi zinazonyumbuka, zikiwamo elastini na faibrilini, na kimeng'enya kiitwacho LOXL1 huziunganisha. Katika maradhi haya kazi hiyo huenda kombo: protini hutolewa kwa wingi, hushikana ovyo na kuwa vinyuzi vigumu visivyoyeyuka, na kwa kuwa klasterini, protini inayozuia mshikamano wa namna hiyo, huwa imepungua, vinyuzi hivyo hurundikana badala ya kuondolewa. Mwaka 2007 watafiti walizihusisha aina fulani za jeni ya LOXL1 na maradhi haya kwa wagonjwa wa Iceland na Sweden, ingawa watu wengi wenye aina hizo za jeni hawaugui kamwe.

Kila mboni inapopanuka na kusinyaa, irisi huusugua utando huo. Kwa hiyo daktari huona duara jeupe katikati, pete safi iliyofutika, kisha ukingo mweupe tena. Msuguano huo pia huchubua rangi ya irisi, nayo pamoja na vinyuzi huziba njia ya kutokea maji, presha ya jicho ikapanda.

Mzee wa Mkomani:
Wa nyumbani kwako hawakukosea kabisa kuishuku bahari, ila wameikamata chumvi badala ya mwanga. Tafiti zimeyahusisha maradhi haya na miaka mingi ya kukaa kwenye jua linaloakisiwa na maji au theluji, na nahodha hukaa humo tangu ujana.

Binti wa Shela:
Nashukuru sana. Jicho la kushoto limeonekana safi. Je, tuache kulifuatilia?

Mpwani wa Malindi:
Hasha. Mara nyingi utando huanza kuonekana jicho moja, na la pili likafuata baada ya miaka, basi yapimwe presha yote mawili. Akipangiwa kuondolewa mtoto wa jicho, mwambieni daktari mapema, kwa maana nyuzi zinazoishikilia lenzi huwa zimelegea na mboni haipanuki vizuri.