Mjadala: Vikundi vya maziwa Rungwe na Njombe vinunue viinitete vya maabara (mimba changa zilizotungwa nje ya ng'ombe), au tubaki na uhimilishaji (kuwekea ng'ombe mbegu za dume bila kumpandisha)?

Mfugaji, Tukuyu: Wadau, mimi napinga viinitete vya maabara. Uhimilishaji unatungisha mimba ndani ya ng'ombe mwenyewe. Cha maabara kinalala kwenye kisahani siku saba za mwanzo, na huko ndiko jeni zinakopangiwa ipi iwake, ipi izimwe. Kwa ng'ombe, jeni za kiinitete chenyewe zinashika kazi kikiwa na seli 8 hadi 16. Kikivurugwa hapo, ndama anakuja mkubwa kupita kiasi, ulimi umevimba, kitovu kimetokeza. Mtamba atamtoaje?

Maabara, Uyole: Mkuu, unalaumu njia wakati kosa ni la kilichomo kisahanini. Ndama wa aina hiyo walihusishwa sana na seramu (maji ya damu) iliyotiwa kwenye maji ya kukuzia viinitete. Kwa kondoo ilionyeshwa mwaka 2001: jeni ya IGF2R, ambayo kazi yake ni kufunga breki ya ukuaji, ilipoteza alama za methili (alama za kemikali zinazopanga jeni iwake au izimwe) ikapunguza kazi. Muulize muuzaji mambo mawili: je, maji yake hayana seramu, na oksijeni ni asilimia 5 au ile 20 ya hewani? Akibabaika, usinunue.

Mfugaji, Tukuyu: Basi tuchukue vilivyooshwa kwenye kizazi cha ng'ombe mtoaji siku ya 7. Havijaonja kisahani.

Maabara, Uyole: Mtoaji naye anachomwa homoni ili apevushe mayai mengi, na kwa panya hilo peke yake limeonekana kuvuruga alama hizohizo. Hakuna njia safi kabisa, ila hiyo ina unafuu, nakubali.

Mhimilishaji, Njombe: Mnabishania jeni wakati mimba nyingi zinapotea zizini! Kiinitete cha siku 7 kinataka mbebaji (ng'ombe atakayekipokea) aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume siku 7 zilizopita, tofauti isizidi siku moja. Pima ovari kwa mkono. Penye kiini cha njano, yaani uvimbe unaobaki kwenye ovari yai likishatoka, weka kwenye pembe ya kizazi ya upande huohuo. Ukikosea upande, umemwaga hela. Halafu someni lebo ya mrija wenye kiinitete: kilichogandishwa kwa uhamishaji wa moja kwa moja kinayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuwekwa, lakini kilichogandishwa kwa kasi kinahitaji kuondolewa kemikali za kugandishia hatua kwa hatua chini ya hadubini. Hiyo hadubini kijijini iko wapi?

Mfugaji, Tukuyu: Na mitamba je?

Mhimilishaji, Njombe: Iacheni kwenye uhimilishaji wa kawaida. Cha maabara mpeni aliyekwisha kuzaa mara mbili bila kusaidiwa, na daktari wa mifugo ajue tarehe ya kuzaa.