Mrejesho: chaneli ya 2 iliyokuwa ikikwaruza

Wakubwa, salamu kutoka Bukavu. Ni mimi niliyeuliza kwa nini mikro ya kondensa inasikika hafifu kwenye chaneli ya 2 ya priampu (kifaa cha kukuza sauti ya mikro), na kitufe cha geni (cha kuongeza au kupunguza ukuzaji huo) kinakwaruza kila nikikigusa. Mliniambia nipime fantomu (umeme wa volti 48 ambao priampu huupeleka kwenye mikro kupitia kebo) kabla ya kununua chochote.

Nimepima bila mikro, ncha moja ya mita kwenye pini 1 (ya ardhi) ya tundu la mikro. Chaneli ya 1: volti 48 pini 2, volti 48 pini 3. Chaneli ya 2: pini 2 sawa, pini 3 volti 38! Fundi wa Kadutu akafungua, akakuta kapasita ya ingizo (inayopitisha sauti na kuzuia umeme wa fantomu) imevimba kichwa, inavujisha umeme huo mpaka kwenye kitufe. Ndiyo maana dawa ya kusafishia niliyoweka kwenye kitufe haikusaidia kitu. Kabadilisha jozi nzima ya kapasita, akahakikisha rezista mbili za kiloomu 6.8, zinazopeleka fantomu kwenye pini 2 na 3, zinalingana. Kimya kabisa sasa.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi kwaya (mnaijua Bukavu), nashusha geni na kuzima fantomu kabla haujarudi, la sivyo spika zinapiga kishindo.

Mzee uliyeonya kuwa fantomu inaweza kuharibu mikro ya utepe (yenye utepe mwembamba wa chuma ndani): yangu haipiti tena kwenye paneli ya jeki (ya kuunganishia kebo). Jeki ikiingia hugusanisha ncha kidogo, na volti 48 zikipita upande mmoja tu, utepe kwisha.

Kapasita za volti 63 zinapatikana wapi hapa mjini? Hizi fundi kazitoa kwenye mashine mbovu.