Python kwa mtoto wa miaka 11 na babu yake wa miaka 63: je, inawafaa wote wawili?

Mama wa Kirumba

Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 11, na baba yangu ana miaka 63. Kwa muda mrefu amekuwa akinunua dagaa hapa mwaloni na kuandika hesabu zake daftarini. Tangu nilete kompyuta mpakato ya mtumba nyumbani, wote wawili wametamani kujifunza kuandika programu. Nasikia Python ikisifiwa kuwa lugha nzuri kwa wanaoanza wa umri wowote. Je, ni kweli, ilhali baba anasoma Kiingereza kwa shida na bando hatununui kila siku?

Mwalimu wa Nyegezi

Dada yangu, ni kweli. Kabla ya kutoa Python mwaka 1991, Mholanzi Guido van Rossum alishiriki kutengeneza ABC, lugha iliyokusudiwa wasio wataalamu, na urahisi ule aliuhamishia katika kazi yake mpya.

Kuhusu Kiingereza, mzee asiogope. Maneno ambayo Python imejiwekea yenyewe ni 35 tu, na anayeanza huhitaji machache kati ya hayo, kwa mfano if, else, for na while. Majina mengine anayatunga mwenyewe, tena kwa Kiswahili:

ndoo = 14
bei = 9000
print(ndoo * bei)

Atapata 126000, na anaweza kuihakikisha kwa daftari lake. Mtu aliyepiga hesabu za dagaa maisha yake yote ameshaijua kazi yenyewe. Kinachobaki ni namna ya kuiandika. Ninaipenda pia kwa sababu inadai mistari iliyo chini ya sharti, kama lile la if, isogezwe ndani, hivyo mwanafunzi anaona kwa macho ni kipi kinategemea kipi.

Bando mtalihitaji siku ya kuipakua. Baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti, na kwenye Windows huja pamoja na IDLE, mahali pa kuandikia na kujaribia.

Kijana wa Igoma

Shikamoo mwalimu. Kwa mzee nakubaliana nawe, ila kwa binti ningeanza na Scratch, iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Humo anapanga vipande vya amri badala ya kuandika, vipande vyenyewe vinaweza kusomeka kwa Kiswahili, na ipo ya kutumia bila intaneti.

Mwalimu wa Nyegezi

Marahaba. Ni ushauri mzuri kama binti bado anatafuta herufi kwenye kibodi. Akiwa anachapa vizuri, hata Python ina turtle, yaani kobe anayechora mistari kwa kuamriwa aende mbele au ageuke, na mtoto anayaona matokeo papo hapo.

Mchuuzi wa Sengerema

Mama, mimi nilianza nikiwa na miaka 47, kwa hiyo naomba nimtahadharishe mzee. Programu yangu ya kwanza iliuliza idadi ya ndoo kwa input, yaani amri ya kupokea jibu la mtumiaji, nikajibu 14, nikazidisha kwa 9000, na kioo kikajaa 14141414 mfululizo. Nilidhani nimeharibu kompyuta. Kumbe kila kinachoingia kwa input huchukuliwa kuwa maandishi, nayo ikayarudia maandishi hayo mara 9000. Dawa yake ni kuandika ndoo = int(input("Ndoo ngapi? ")), ambapo int hugeuza maandishi kuwa namba. Mzee akielezwa hilo mapema, hatakata tamaa siku ya kwanza kama nilivyokaribia kukata mimi.

Mama wa Kirumba

Nawashukuru sana. Jana usiku tumeijaribu ile mistari mitatu. Baba aliinakili kwanza daftarini kwa kalamu, kisha akamsomea mjukuu wake, naye akachapa. Ilipotokea 126000, baba alinyamaza kidogo, akasema hesabu haijakamilika, kwa sababu hatujatoa nauli ya mkokoteni. Leo jioni wataongeza mstari wa nne.